George Cadbury: Duka la Familia Lililogeuka Kuwa Huduma

Neno la wiki: Mithali 11:1, Wakolosai 4:1, Yakobo 5:4

Jumapili iliyopita tulifundishwa kwamba wito wa Mungu hauishii madhabahuni. Kuna mtu ameitwa kuhubiri na kuna mwingine ameitwa kuuza unga, na wote wawili watatoa hesabu kwa Mungu yule yule. Wiki hii tuangalie maisha ya mtu mmoja aliyeishi hivyo. Jina lake unalijua, hata kama hujawahi kufikiria kwamba lilikuwa jina la mtu. Liko kwenye lile kopo la drinking chocolate ambalo mama wengi hapa hununua shule zikifungwa. Cadbury.

George Cadbury alizaliwa tarehe 19 Septemba 1839 katika mji wa Birmingham, Uingereza, na akafariki tarehe 24 Oktoba 1922. Familia yake ilikuwa ya Quakers, yaani Kanisa la Friends. Washirika wetu waliotoka Vihiga, Kakamega na Bungoma wanalijua vizuri kanisa hilo, kwa sababu wamishenari wa Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ni kati ya nchi zenye Quakers wengi zaidi duniani. Ibada yao ya zamani haifanani na yetu hata kidogo. Walikaa kimya wakimngoja Roho. Sisi tunapiga ngoma. Lakini kuna jambo moja la kujifunza kwao: waliamini kwamba ukweli wa Jumapili lazima uonekane kwenye kaunta Jumatatu asubuhi.

Duka la baba

Mwaka 1824 baba yake George, mzee John Cadbury, alifungua duka dogo barabara ya Bull Street, Birmingham. Aliuza chai, kahawa, na kakao ya kunywa. Kwa nini vitu hivyo? Sababu moja ilikuwa ya kiroho. John alichukia ulevi. Aliona familia maskini za mji zikiharibiwa na pombe, akaona ni heri watu wapate kitu kingine cha kunywa, cha moto na kisicholevya. Miaka michache baadaye, mwaka 1831, alianza kutengeneza kakao mwenyewe.

Sababu nyingine ilikuwa ya mazingira. Wakati huo Quakers hawakuruhusiwa kusoma vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kwa sababu hawakuwa wa kanisa la serikali, na milango mingi ya kazi kubwa ilifungwa kwao. Wengi wao wakaingia biashara. Kanisa lao nalo liliwafuatilia kwa karibu. Mshirika akikopa asilipe, akafilisika, angeweza kuondolewa ushirikani. Hebu fikiria kama na sisi tungekuwa na sheria hiyo! Lakini ndiyo iliyofanya jina la Quaker liaminiwe sokoni. Mteja alijua uzito ni uzito na bei ni bei.

Biashara ilikua, ikafika mahali pa kuuzia nyumba ya kifalme. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1855 mama yao, Candia, alifariki kwa kifua kikuu. John akavunjika moyo na afya yake ikadhoofika. Biashara ikaanza kuteremka polepole, vile biashara ya familia huteremka mwenye nyumba akiacha kuisimamia. Mwaka 1861 akawakabidhi wanawe wawili. Richard alikuwa na miaka 25 na George 21.

Miaka ya kavu

Wapendwa, hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mahubiri mengi kuhusu biashara huruka sehemu hii.

Hao vijana walirithi jina zuri na kiwanda kinachokufa. Wafanyakazi walikuwa wamepungua sana, wamebaki wachache tu. Kila ndugu alikuwa na pauni 4,000 alizorithi kutoka kwa mama yao, na kila mmoja akaziweka zote ndani ya biashara. Mwaka wa kwanza hasara. Wa pili hasara. Pesa za mama zikaendelea kuyeyuka.

George alikuwa bado hajaoa. Akaamua kuishi kwa kidogo kabisa. Aliacha kununua gazeti. Aliacha chai na kahawa, vitu ambavyo baba yake alikuwa akiuza. Walifika kazini asubuhi na mapema na kutoka usiku. Richard alikwenda kutafuta wateja, George akasimamia ununuzi na utengenezaji. Walikubaliana kwamba mtaji ukiisha watafunga mlango kwa heshima wakiwa bado wanaweza kulipa kila wanayedaiwa. Hata mpango wa baada ya hapo ulikuwepo: George angeenda kulima chai Himalaya, na Richard angekuwa mpima ardhi.

Angalia jambo hilo vizuri. Walikuwa watu wa maombi, lakini walikuwa wanajua pesa iliyobaki ni ngapi. Hawakusema tunaamini tu, halafu wakaendelea kuchukua bidhaa kwa mkopo kwa watu ambao hawangeweza kuwalipa. Kuna mtu hapa ana deni la supplier miezi minane, na simu ikilia anaizima na kusema anamngoja Mungu. Ndugu yangu, Mungu hajakuzuia kushika simu.

Kufikia mwaka 1864 biashara ilianza kupata faida kidogo sana. Ilikuwa dalili tu, lakini ilitosha kuwapa nguvu ya kuendelea.

Kakao bila unga

Sasa lazima tuseme ukweli kuhusu kakao ya siku hizo. Kakao ina mafuta mengi, na ukiichemsha hivyo hivyo mafuta yanaelea juu. Watengenezaji walizoea kuchanganya na wanga ili kuyanyonya. Kakao ya Cadbury pia ilikuwa hivyo. Karibu moja kwa tano tu ndiyo ilikuwa kakao, na iliyobaki ilikuwa wanga wa viazi, unga wa sago na molasi. Wengine sokoni walifanya mabaya zaidi. Kuna waliotia hata vumbi la matofali ili rangi ikolee.

George akasikia kwamba huko Uholanzi, kampuni ya Van Houten ina mashine inayokamua mafuta kutoka kwenye kakao, ikabaki poda safi isiyohitaji kuchanganywa na kitu. Akafunga safari. Hakujua Kiholanzi. Alijieleza kwa ishara na kamusi mpaka mapatano yakafanyika, na mashine ikaletwa Birmingham. Mwaka 1866 ndugu hao wakatoa Cocoa Essence, kakao isiyo na mchanganyiko.

Haikuwa rahisi kuuza. Ilikuwa ghali kuliko zile zilizochanganywa, na watu walikuwa wamezoea uji mzito. Lakini Bunge lilipopitisha sheria za kuzuia uchafuzi wa chakula mwaka 1872 na 1875, Cadbury walikuwa tayari wako upande wa kweli. Waliokuwa wakicheka bei yao wakaanza kutafuta namna ya kubadilisha bidhaa zao.

Mithali 11:1 inatuonyesha kwamba Bwana anachukizwa na mizani ya hila na anafurahia kipimo kamili. Sisi mara nyingi tunasoma mstari huo tukifikiria kilo na gramu. Lakini maziwa yaliyoongezwa maji ni mizani ya hila. Mafuta ya kupikia yaliyorudiwa mara kumi ni mizani ya hila. Fundi anayekutoza pesa ya spea mpya akakuwekea iliyotumika, huyo naye anapima kwa hila. Na usiniambie kila mtu sokoni anafanya hivyo. Hata wakati wa Cadbury kila mtu alifanya, na wao wenyewe walikuwa ndani. Tofauti ni kwamba walipopata njia ya kutoka, walitoka, ingawa ilikula faida yao kwanza.

Darasa la Jumapili saa moja asubuhi

Tangu mwaka 1859, akiwa kijana wa miaka 20, George alijiunga na shule ya watu wazima iliyoendeshwa na Quakers huko Severn Street. Kila Jumapili aliamka kabla ya mapambazuko, na darasa lilianza asubuhi mapema. Wanafunzi wake walikuwa wanaume wa mitaa ya mabanda ya Birmingham. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na baadhi yao walikuwa wametoka jela au walikuwa walevi wa kutajika. Aliwafundisha kusoma kwa kutumia Biblia. Kazi hiyo aliifanya kwa karibu miaka hamsini. Alipokuwa karibu kufilisika alifundisha, na alipokuwa tajiri alifundisha.

Mwanafunzi akikosa kuja, George alimtembelea nyumbani. Huko ndiko macho yake yalifunguka. Aliona mtu anaokoka kweli, anaacha pombe kweli, halafu anarudi kulala chumba kimoja chenye giza na unyevu, choo kimoja kinatumiwa na nyumba nyingi, watoto wanakohoa usiku kucha, na mlango wa baa uko hatua kumi. Akaelewa kwamba kumwambia mtu awe mtakatifu na kumwacha katika hali hiyo ni kumbebesha mzigo ambao wewe mwenyewe hungeubeba.

Tafadhali tusielewe vibaya. Hakusema nyumba nzuri inaokoa. Anayeokoa ni Yesu. Lakini mchungaji mwema hutafuta pia malisho na maji, hatosheki kuwahesabu kondoo zizini.

Bournville

Kufikia miaka ya 1870 kiwanda cha mjini kilikuwa kimejaa. Mfanyabiashara wa kawaida angetafuta jengo lingine hapo hapo. Ndugu hawa walinunua ardhi ya mashambani, kama maili nne kusini mwa Birmingham, kando ya kijito kilichoitwa Bourn, na mwaka 1879 wakahamia huko. Wakapaita Bournville. Watu waliona ni wazimu. Nani ataenda kufanya kazi porini?

Lakini mahesabu yalikuwepo. Kulikuwa na reli, kulikuwa na mfereji wa kusafirishia mizigo, na maji na hewa vilikuwa safi kwa kutengeneza chakula. Waliongea na kampuni ya reli ili wafanyakazi wapate nauli nafuu. Wakaweka jikoni, vyumba vya kukaushia nguo za waliofika wamelowa, viwanja vya michezo na bustani. Walikuwa kati ya waajiri wa kwanza Birmingham kuwapa wafanyakazi nusu siku ya mapumziko Jumamosi. Siku ya kazi ilianza na kusoma Neno na maombi mafupi pamoja. Baadaye wakaweka mfuko wa pensheni.

Kwa miaka mingi George alijua wengi wa wafanyakazi wake kwa majina. Wakati wa ule ukavu wa mwanzo aliketi na wale wachache waliobaki, na hata kampuni ilipofika wafanyakazi zaidi ya 2,500 mwishoni mwa karne, aliendelea kuuliza habari za wagonjwa na kuwatembelea.

Kisha zikaja nyumba. Kuanzia mwaka 1895 alianza kujenga mtaa wa kuishi karibu na kiwanda, kwa pesa zake. Kila nyumba ilikuwa na bustani ya kutosha kulima mboga, na miti ya matunda ilipandwa kabla mwenyeji hajaingia. Hakuruhusu baa. Na wasikize hili wale wanaofanya miradi: nyumba hazikuwa za wafanyakazi wa Cadbury pekee. Mtu wa kazi nyingine yeyote angeweza kukaa. George hakutaka mtu aogope kufukuzwa nyumbani kwa sababu amekosana na bosi kazini.

Baada ya miaka mitano, mwaka 1900, akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelala nalo macho. Alichukua mtaa mzima, ekari 330 na nyumba 313, akaukabidhi kwa wadhamini, Bournville Village Trust. Haukuwa tena mali yake wala urithi wa watoto wake. Kodi ya nyumba ingetumika kutunza mtaa na kujenga nyumba zaidi. Udhamini huo uko mpaka leo. Watafiti walipopima watoto wa Bournville na kuwalinganisha na watoto wa mitaa duni ya Birmingham, waliwakuta wa Bournville ni warefu na wazito zaidi. Hivyo ndivyo sadaka inavyoweza kuonekana kwenye mzani wa kliniki.

Richard hakuuona mwaka huo wa kukabidhi. Alifariki mwaka 1899 akiwa safarini Yerusalemu. Ndugu hao wawili walikuwa wameendesha kampuni pamoja miaka 38. Mnaofanya biashara na ndugu zenu, mnajua hiyo si kawaida.

Damu ndani ya kikombe

Tungeweza kuishia hapo tuseme amina. Lakini tungekuwa tumedanganya kwa kunyamaza.

Kakao haioti Birmingham. Sehemu kubwa ya kakao ya Cadbury ilitoka kisiwa cha São Tomé, pwani ya magharibi ya Afrika, kilichotawaliwa na Ureno. Mwaka 1901 William, mtoto wa Richard, alianza kupata habari kwamba wanaolima kakao huko ni watumwa. Kwenye karatasi waliitwa vibarua wa mkataba wa miaka mitano. Kwa kweli walikuwa ndugu zetu waliokamatwa au kununuliwa ndani ya Angola, wakaswagwa kwa miguu mpaka pwani, wakavushwa bahari, na hawakurudi tena. Mwandishi wa habari Henry Nevinson alipita njia hiyo ya misafara, na alikuta pingu za miti zimetupwa kando ya njia pamoja na mifupa ya waliokufa.

Cadbury walifanya nini? William alienda Lisbon mwaka 1903 kuongea na Wareno. Wakaahidiwa mabadiliko. Mwaka 1905 kampuni ikamtuma Joseph Burtt kwenda kuona kwa macho. Alikaa huko karibu miaka miwili na akathibitisha. Serikali ya Uingereza ikawaomba wavumilie kidogo ili mazungumzo yaendelee. Wao wenyewe waliamini kwamba wakiacha kununua watakosa sauti ya kuwashinikiza Wareno. Mwaka 1908 William akaenda mwenyewe Angola na São Tomé. Mwezi Machi 1909 ndipo wakatangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya São Tomé, wakiungana na kampuni nyingine mbili za Quakers, Fry na Rowntree.

Miaka minane, wapendwa. Miaka minane ya ripoti, safari, barua na mikutano, na kila mwaka kakao iliendelea kununuliwa.

Gazeti moja la London, The Standard, liliwashambulia kwamba ni wanafiki. Wanahurumia wafanyakazi wa Birmingham, na huku wanatajirika kwa jasho la watumwa wa Kiafrika. Cadbury wakaenda mahakamani kwa kuharibiwa jina. Kesi ilisikizwa Birmingham mwisho wa mwaka 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimuuliza William kama amewahi kukadiria ni watu wangapi walipoteza maisha kwa ajili ya kakao yao katika miaka hiyo minane. William hakuwa amefanya hesabu hiyo. Mwishowe baraza la mahakama lilisema gazeti limekosea, Cadbury wameshinda. Fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni moja. Ni kama kukupa haki yako na kukuambia nenda, usijisifu.

Mimi nikiisoma habari hiyo nikiwa Mwafrika, siwezi kuipita haraka. Najua hoja za biashara. Najua huwezi kubadilisha mahali unaponunua mali ghafi kwa siku moja, na najua wengine walikuwa wananunua bila kuuliza hata swali moja. Cadbury waliuliza, walitumia pesa yao kuchunguza, na waliacha. Hayo ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa amefungwa São Tomé mwaka 1901 hakuwa na miaka minane ya kungoja. Yakobo 5:4 inatuambia kwamba mshahara uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Haikai kwenye foleni ya mikutano.

Nadhani tatizo lilikuwa hili. Mtu wa Bournville alikuwa na jina, na George alijua watoto wake. Mtu wa São Tomé alikuwa ni habari kwenye ripoti. Aliye karibu tunamwona haraka, na wa mbali tunamfanyia utafiti.

Baada ya hapo kampuni iligeukia Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Huko kakao ilienezwa na Waafrika wenyewe. Tetteh Quarshie, mhunzi na mkulima, alikuwa ameleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879, na wakulima wadogo wakapanda kwenye mashamba yao wenyewe. Kufikia mwaka 1911 Gold Coast iliongoza dunia kwa kakao. Njia nyingine ilikuwepo, na ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba.

Miaka ya mwisho

Uzee wake George hakuutumia kupumzika. Mwaka 1901 aliingiza pesa zake kwenye gazeti la Daily News, ili lipinge vita vya Makaburu vya Afrika Kusini na kutetea pensheni ya wazee. Aliondoa habari za kamari kwenye gazeti, na mauzo yakaumia. Gazeti hilo liliandaa maonyesho mwaka 1906 ya kuwaonyesha Waingereza jinsi akina mama na watoto wanavyolipwa senti kidogo kwa kushona na kutengeneza bidhaa manyumbani. Sheria ya pensheni ya wazee ilipita mwaka 1908. Mwaka 1903 alitoa nyumba yake ya zamani, Woodbrooke, iwe mahali pa kujifunza Neno na huduma. Na kila kiangazi alifungua uwanja wa nyumba yake, maelfu ya watoto wa mjini wakaja kula, kucheza na kuogelea.

Hakuwa mkamilifu. Kiwandani kwake mwanamke akiolewa alilazimika kuacha kazi, na leo tungemuuliza maswali kuhusu hilo. Lakini alipofariki mwaka 1922, maelfu walikusanyika kwenye uwanja wa kijani wa Bournville kumuaga, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida kabisa.

Tunaenda na nini nyumbani?

Kwanza, huduma ya George haikungoja utajiri. Darasa la Severn Street lilianza miaka miwili kabla hajakabidhiwa biashara. Kama hujatoa ukiwa na kibanda, usidanganyike kwamba utatoa ukiwa na supermarket. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha katika Luka 16:10 kwamba uaminifu hupimwa kwenye kidogo.

Pili, jua hesabu zako. Andika kinachoingia na kinachotoka. Tenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumba. Biashara nyingi za washirika haziuliwi na adui. Zinauliwa na mwenye duka anayetoa kwenye droo bila kuandika.

Tatu, angalia unayemwajiri. Wakolosai 4:1 inawaagiza mabwana wawape watumishi wao haki na usawa, wakijua wao pia wana Bwana mbinguni. Kuna dada anakulelea watoto ndio wewe upate nafasi ya kuja kesha. Alilipwa mwezi uliopita? Ana siku ya kupumzika? Kuna mpwa wako umemtoa kijijini auze duka, na unamwambia chakula na malazi ndio mshahara. Huyo ni wa karibu kabisa, hatuhitaji kumtuma mtu Angola kuchunguza.

Nne, uliza mali yako inatoka wapi. Kama simu unayouza ni ya bei ya chini sana, unajua kwa nini. Kama mchanga unaojengea umepakiwa na mtoto ambaye angekuwa darasani, unajua pia. Na ukishajua, usichukue miaka minane.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni kitu gani katika biashara yako au kazi yako ambacho kila mtu anafanya, na wewe unajua si sawa? Itakugharimu pesa ngapi kukiacha?
2. Soma Yakobo 5:1–6. Kuna mtu yeyote unayemdai kazi bila kumlipa kikamilifu? Mpe tarehe ya malipo kabla ya Jumapili.
3. Kikundi chenu kinaweza kuanzisha nini kidogo, kwa nguvu mliyo nayo sasa, kwa ajili ya watu wa mtaa mnaokutana?

Tuombe

Baba, asante kwa mikono uliyotupa na kwa biashara ulizotuaminisha. Tusamehe pale tumepunja mteja, tukamcheleweshea mfanyakazi, au tukafumba macho kwa kilio cha aliye mbali. Tupe ujasiri wa kurekebisha wiki hii, hata kama faida itapungua. Wabariki wenye vibanda, wenye maduka, mafundi, akina mama mboga na vijana wa bodaboda. Jirani zetu wakuone wewe katika kazi zetu. Katika jina la Yesu, amina.